Njia ya Kolelo: Watu wa Mzizima na Maporomoko ya Uluguru

Kabla ya reli kufika Morogoro mwaka 1907, mtu wa Mzizima, yaani Dar es Salaam ya zamani, aliyetaka kuyaona maji yakiporomoka katika misitu ya Uluguru hakuwa na budi kufunga masurufu yake, kuwaaga jamaa zake na kushika njia ya miguu ipitayo katika vichaka vya Uzaramo na mabonde ya Ukutu, safari ya siku nyingi ambayo hapana mtu mwenye akili timamu aliyeifanya kwa ajili ya kunyoosha viungo au kuburudisha macho. Walakini watu walikwenda. Walikwenda mwaka ambao mvua ilikataa, na mwaka ambao maradhi au vita viliwazidi nguvu. Wala hawakwenda kila mtu kwa nafsi yake, bali walikwenda wakiwa wajumbe, wamebeba haja za vijiji vizima, wameshika miiko, na aliyewatuma akiwa nyumbani akihesabu siku za kurejea kwao.

Siku hizi kijana wa Kariakoo hupanda treni ya umeme asubuhi, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, akashuka Morogoro kabla ya saa mbili kutimia, akaupanda mlima kwa matembezi ya nusu siku hadi kwenye maporomoko ya Choma, akapiga picha, akala chakula alichofungiwa na mama yake, kisha akarudi kulala kwake Mtaa wa Mkunguni. Akiulizwa amekwenda kufanya nini, atajibu kwamba amekwenda kutembea. Jibu hilo halina aibu, kwa kuwa kutembea ni katika starehe za halali, na mimi mwenyewe nimeipanda njia ile bila ya haja nyingine. Lakini njia ya mlimani ina umri uzidio wa reli zote mbili, ya Wajerumani na hii mpya, na nia ya maandishi haya ni kuonyesha kwamba mji wa Dar es Salaam, hasa mitaa yake ya ndani, umeuendea mlima ule kwa takribani karne mbili kwa haja moja isiyobadilika, nayo ni maji. Kilichobadilika ni adabu ya kuendea.

Sababu ya watu wa pwani kuutazama mlima ulio mbali namna ile haikuwa mvua peke yake, bali nasaba pia. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wazaramo wenyewe, asili ya wengi wao ni pande za Uluguru na Ukutu. Hekaya iliyo mashuhuri kuliko zote yasema kwamba Washomvi, waliokaa ufukoni kwa uvuvi na biashara ya chumvi, walishambuliwa na Wakamba wakashindwa kujitetea, ndipo walipomwendea Pazi Kilama, shujaa wa kutoka bara, naye akashuka na watu wake akawafukuza maadui, kisha akadai ujira uliokuwa ukilipwa na watu wa pwani mwaka hata mwaka. Wanahistoria huliweka jambo hilo mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Hata Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga majumba yake kando ya bandari katika miaka ya 1860, nchi iliyouzunguka mji wake mpya ilikuwa ya watu ambao mababu zao walizikwa karibu na mlima, na ambao jamaa yao alipougua maradhi yasiyojulikana sababu, waliuliza kwanza habari za huko.

Huko ndiko alikokaa Kolelo. Upande wa kusini na mashariki wa milima ya Uluguru, katika nchi inayomwagiliwa na mto Mvuha na vijito vyake, mahali ambapo hata leo kata ya serikali inaitwa Kolero, pana pango ambalo wazee walilihesabu kuwa maskani ya mzimu mkubwa kuliko mizimu yote ya nchi ile. Mizimu ya kawaida ilikuwa ya ukoo: kila mtu alikuwa na ya kwake, akaihudumia kwa pombe na unga penye kaburi au penye mti. Kolelo alikuwa juu ya koo. Alisikilizwa na Waluguru, na Wakutu, na Wazaramo, na sifa zake zilivuka mipaka ya makabila hayo. Hekaya ilisema kwamba alikuwa nyoka mkubwa mno, aliyemtwaa mwanamke wa ukoo wa Mlali akamfanya mkewe na kumtia pangoni, na kwamba kwa sababu hiyo ukoo ule ulipewa dhamana ya kumhudumia na kuyafasiri maneno yake. Maneno yenyewe hayakuwa maneno ya kinywa. Ulikuwa mvumo utokao ndani ya mwamba, kama wa maji mengi yanayoanguka gizani, nao wajumbe waliketi nje wakausikiliza, na mwenye dhamana akawaambia maana yake.

Habari hizi hatukuzipokea kwa mdomo mtupu. Martin Klamroth, mmisionari wa Misheni ya Berlin aliyefanya kazi Dar es Salaam na katika nchi ya Uzaramo, aliziandika kwa tafsili katika makala zake juu ya itikadi za Wazaramo, zilizochapishwa Ujerumani kuanzia mwaka 1910. Msomaji wa leo hana budi kumsoma Klamroth kwa hadhari, maana mtu aliyekuja kuwaongoa watu katika dini yake hawezi kuwa shahidi asiye na upande katika habari za dini yao. Lakini ni haki kumshukuru, kwa kuwa aliwauliza wazee ambao hawakuulizwa na mtu mwingine, na wengi wao walikwisha kufa kabla ya wanahistoria wetu kuzaliwa. Miaka hamsini na zaidi baadaye Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi kijijini Bunju katika miaka ya 1960, alikuta ya kuwa Wazaramo waliokwisha kuwa Waislamu tangu vizazi viwili au vitatu bado walijua vema Kolelo alikuwa nani, hata kama hapana aliyekusudia tena kumwendea kwa miguu.

Katika matambiko ya mvua ya watu hawa rangi nyeusi ndiyo iliyotangulia, kwa kuwa mvua yenyewe hutangulizwa na wingu jeusi. Kaniki basi ilikuwa nguo ya heshima mahali ambapo nguo nyeupe ingekuwa ufedhuli. Mjumbe hakuchaguliwa kwa wepesi wa miguu tu. Alichaguliwa kwa nasaba yake, kwa ukimya wake, na kwa kujulikana kuwa si mtu wa kuongeza wala kupunguza maneno, maana jibu alilopewa mlimani lingeamua siku ya kupanda, na siku ya kupanda ndiyo iliyoamua nani atakula mwezi wa Ramadhani. Nalitaja jambo hili la Ramadhani kwa makusudi. Wako watu wanaodhani kwamba Uislamu wa pwani na tambiko la mlimani vilikuwa kama mafuta na maji, na kumbe kwa muda mrefu mtu yule yule alisali msikitini Ijumaa na kuchanga chake kwa ajili ya wajumbe wa Kolelo Jumamosi, wala hakuona kuwa amemwendea Mungu wa pili. Aliona kuwa ametuma salamu kwa mwenye nyumba ya maji.

Mwaka 1905 jibu lililotoka pangoni halikuhusu siku ya kupanda. Klamroth anasimulia kwamba katika Uzaramo ilienea habari ya kuwa Kolelo amekataza watu wasiendelee kuwalipa kodi wageni weupe, kwamba mafuriko makubwa yatakuja na kuwaangamiza wageni hao pamoja na wafuasi wao, kwamba ardhi itafunguka iwameze, na kwamba bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi. Wakati huo huo, kule Ngarambe katika nchi ya Rufiji, Kinjikitile Ngwale alikuwa akiwagawia watu maji ya dawa kwa jina la mzimu mwingine, naye akanyongwa na Wajerumani mjini Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita vya Majimaji kuanza katika vilima vya Umatumbi. Wanahistoria, Gilbert Gwassa na John Iliffe wakiwa wa mbele, wameonyesha namna ibada ya Kolelo wa Uluguru na ile ya Bokero, mzimu wa Rufiji, zilivyokuwa na udugu, na namna njia za mahujaji wa mvua zilivyogeuka kuwa njia za habari za vita. Serikali iliyokuwa na simu ya waya na meli za kivita haikujua kwamba raia zake nao wana chombo cha kupelekeana habari, kizee kuliko simu yake, chenye vituo vyake na wajumbe wake wanaoaminika.

Vita vile vilifika karibu sana na mji. Wazaramo wa pande za Kisarawe na Maneromango waliingia, na miongoni mwa wakuu wao Kibasila alishikwa akanyongwa. Jina lake limebaki katika shule ya sekondari ya Temeke, ambako sidhani kama kila mwanafunzi anajua kuwa aliyepewa heshima ile alikuwa mtu wa zama ambazo amri ya mlima ilisikika hadi baharini. Bunduki hazikutoa maji. Kolelo alipungua nguvu, kama wapunguavyo waaguzi wote ambao utabiri wao umepimwa kwa risasi, na kwa kuwa mwaka huo huo wa 1905 Wajerumani walianza kutandika reli ya kati kutoka bandarini, chuma kikafika Morogoro miaka miwili baadaye, mlima ambao ulikuwa mwisho wa safari ya ibada ukawa kituo cha kupitia katika safari ya biashara. Hapo ndipo Wazungu wa Morogoro walipoanza kupanda kwa ajili ya hewa baridi, wakajenga nyumba ya mapumziko mahali panapoitwa Morningside hata leo, na matembezi ya starehe, jambo lisilokuwapo katika mlima ule, yakapata mwanzo wake. Mpagazi aliyemchukulia bwana mkubwa kikapu cha chakula hadi kwenye maporomoko pengine alikuwa mtoto wa mtu aliyekuwa hathubutu kupakaribia bila ya ruhusa.

Vita Kuu ya Kwanza ikaukanyaga mlima kwa namna nyingine. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na mapema mwezi wa Septemba Dar es Salaam nayo ikatwaliwa. Wajerumani wakarudi nyuma kwa kupitia pande zote mbili za Uluguru kuelekea Kisaki, na Waingereza wakawafuata katika njia za milimani ambazo gari halikuweza kupita, hivyo kila risasi na kila kipande cha mkate kilipanda juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi wale, waliochukuliwa kwa makumi ya maelfu, walikufa zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa silaha. Kambi yao ya Dar es Salaam iliwekwa penye banda la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kabla ya vita wala hawakuwahi kulitumia kwa kazi yake, na kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, mtaa wote ukaitwa Kariakoo. Mwaka 1923 banda likawa soko kweli. Mitaa iliyolizunguka ikapewa majina ya mahali walipopigania na kufia watu wale: Mahiwa, Narung'ombe, Tandamti, Kibambawe. Anayeshona suruali Mtaa wa Mahiwa na anayeuza vitenge Mtaa wa Narung'ombe wanafanya kazi juu ya ramani ya vita ambayo hapana aliyewasomea.

Kariakoo mpya ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Serikali ya Waingereza iliugawa mji katika sehemu tatu, ya Wazungu kando ya bahari, ya Wahindi katikati, na ya Waafrika nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja, na huduma zikafuata utaratibu huo huo, zikipungua kwa kadiri mtu alivyokwenda mbali na bahari. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, za miti na udongo, zilizoezekwa kwa makuti na baadaye kwa madebe yaliyokunjuliwa, zilijaa wapangaji, na wapangaji wakategemea visima vya uani, vile vya bonde la Gerezani, na hatimaye bomba la mtaani lililofunguliwa kwa saa zake. Kati ya bomba na mtungi alisimama mchota maji na mzegazega wake, mti mmoja begani na madebe mawili yanayoning'inia, akienda kwa mwendo ule wa kuruka kidogo ambao huzuia maji yasimwagike. Nani alimtungia wimbo? Tunawaimbia mabaharia na wawindaji, lakini mtu aliyeinywesha Kariakoo kwa miaka arobaini hakubahatika kupata hata mtaa wa kumkumbuka. Leslie, ofisa wa Kiingereza aliyefanya uchunguzi wa maisha ya mji mwaka 1956 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, alikuta Wazaramo wakiwa kabila kubwa kupita yote mjini, na Waluguru nao si haba. Yaani sehemu kubwa ya watu waliopanga foleni bombani walikuwa wajukuu wa wale waliokuwa wakitoa wajumbe na wale waliokuwa wakiwapokea.

Mwaka 1959 jambo likatokea ambalo, lau wazee wa Kolelo wangelishuhudia, nadhani wasingelishangaa sana. Mtambo wa Ruvu Juu ulifunguliwa Mlandizi, na maji ya mto Ruvu yakaanza kusukumwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1970 ukafuata wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Basi Ruvu ni nini? Ni jumla ya maporomoko ya Uluguru. Mgeta, utokao katika nyanda za juu za Bunduki na kuzunguka mlima kwa kusini, humo umo. Mvuha, mto wa Kolelo mwenyewe, humo umo. Mfizigo humo umo. Na Ngerengere, unaoyapokea maji ya Choma na ya vijito vyote vishukavyo juu ya mji wa Morogoro, nao huishia humo. Mitambo ile miwili, baada ya kupanuliwa katika muongo uliopita, imepewa uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Maji ambayo mjumbe aliyafuata kwa miguu na kaniki, akiyaomba yaje pwani kwa njia ya mawingu, sasa yanakuja kwa njia ya bomba, na mwenye nyumba ya Kariakoo huletewa hati ya kuyalipia kila mwezi.

Pamoja na maji yakaja mazao. Waluguru waligeuka kuwa mabwana wa biashara ya matunda na mboga mjini, wakishusha ndizi, machungwa na mananasi kutoka Matombo, Mkuyuni na Kinole, na kabichi, karoti, njegere na viazi kutoka Mgeta, ambako baridi ya mlima huruhusu mimea ya Ulaya iliyoenezwa huko na wamisionari wa Kikatoliki. Jan Kees van Donge, mtaalamu Mholanzi, aliandika mwaka 1992 uchunguzi mzuri juu ya wafanya biashara hao wa Kiluguru wa Dar es Salaam, namna walivyotegemea ujamaa wa kijiji katika kupata mzigo na ujanja wa mtu binafsi katika kuuza, kila mmoja akijiona huru na kila mmoja akiwa hawezi kufika mbali bila jirani yake. Aliyewahi kuamkia Kariakoo saa kumi za alfajiri anajua habari hizi bila ya kusoma: matenga yanashushwa, dalali anataja bei kabla jasho la mchukuzi halijakauka, na harufu ya udongo mwekundu wa mlimani imetanda mahali ambapo kwa mchana hunukia viatu vipya.

Soko lenyewe, lililojengwa upya katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 na kufunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Beda Amuli, naye akaliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, mfano wa miti ambayo watu wa vijijini hufanyia gulio chini yake, na miavuli hiyo akaipa kazi ya kuyakinga maji ya mvua na kuyapeleka katika matangi ya chini. Wengi hulisifu jengo hilo kwa umbo lake. Mimi hulisifu zaidi kwa mawazo yaliyomo: katikati ya mtaa uliokaa miaka mingi ukitegemea kisima na debe, mtu wa Tanzania alijenga paa linalotazama juu na kukinga. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliharibu vibaya, na mazungumzo mengi yaliyofuata yalihusu vizimba na kodi. Sikusikia watu wakiyazungumza maji yale.

Ama mlimani kwenyewe, mambo hayakwenda kwa amani. Zamani chanzo cha maji kililindwa na hofu: msitu mdogo wa mizimu haukukatwa mti, na mtu aliyefyeka penye chemchemi alijua kuwa ukoo wake utadaiwa. Wakuu waliojulikana kwa mvua, kama Kingalu wa Kinole, walitoza heshima kwa ajili ya ulinzi huo. Serikali za kigeni zikaleta ulinzi wa namna mbili. Wa kwanza ni kuitenga misitu ya juu isiingiwe, ulinzi ambao umedumu, ukawa mwaka 2008 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Wa pili ni matuta. Tangu mwaka 1950 Waingereza waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta katika mashamba ya mteremko ili udongo usichukuliwe na mvua hadi mtoni, kazi nzito katika ardhi ambayo mara nyingi ilikuwa nyembamba kiasi cha kuharibika kwa kuchimbwa, na iliyoamriwa na watu ambao hawakuwa wakilima. Mwezi Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kukataa, askari wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa pamoja naye. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, kikapata wanachama wengi mlimani bila ya kutumia nauli kubwa. Mhandisi wa Kiingereza hakukosea hesabu zake za udongo. Alikosea kudhani kwamba hesabu sahihi inatosha kumwamrisha mtu katika shamba la mama yake, maana Waluguru hurithi ardhi kwa upande wa mama, na shamba kwao ni mali ya ukoo kabla ya kuwa mali ya mkulima.

Yakaja mageuzi ambayo hayakutarajiwa. Miaka hamsini baada ya ghasia za Matombo, mashirika ya CARE na WWF yaliwaendea wanakijiji wa Kibungo Juu, katika bonde la Mfizigo, yakawaomba wachimbe makinga maji na kupanda miti katika miteremko ile ile, lakini safari hii kwa malipo, na miongoni mwa walipaji walikuwamo DAWASCO, shirika lililokuwa likiuza maji Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola. Watu walichimba. Kazi iliyomwaga damu ilipokuwa amri ikafanyika kwa nyimbo ilipokuwa mapatano. Mpango ule ulikuwa wa majaribio na wa muda, na vijiji vilivyoingia vilikuwa vichache. Hata hivyo nauona kuwa tukio kubwa katika historia ninayoisimulia, kwa kuwa kwa mara ya kwanza tangu wajumbe wa mwisho wa Kolelo watoke pwani, mji ulipeleka kitu mlimani kwa ajili ya maji uliyokuwa ukiyanywa.

Mtu aendaye leo atayakuta mengi ya haya njiani akiwa na macho ya kuyatazama. Akitoka Morogoro kwenda Choma ataanza kupanda akiwa bado anasikia honi za bodaboda, na kabla hajapata nafasi ya kulalamikia magoti yake atapishana na wanawake wanaoteremka na mizigo ya ndizi na mboga vichwani, wengi wao miguu mitupu, wakielekea soko kuu la mji ambalo tangu mwaka 2021 limepewa jina la Chifu Kingalu. Bwana wa mvua amekuwa jina la soko, jambo ambalo huenda likaonekana kuwa mzaha wa zama, na mimi naliona kuwa haki tupu. Atapita mashambani, katika migomba na maharage, atayaona makinga maji hapa na pale, na mahali pengine mteremko uliobaki mtupu kama mgongo wa punda. Kisha kangaga zitaanza kurefuka, hewa itabadilika, na atasikia maji kabla ya kuyaona. Anayependa safari ndefu zaidi atapitia Mzumbe na Mgeta hadi Bunduki, kwenye maporomoko ya Hululu, ambako msitu wa hifadhi u karibu na mbega hawana haya ya kumtazama mgeni; huko atalowa bila ya mvua, maana rasharasha humfikia mtu mbali na mwamba, na akizungumza hatasikiwa.

Hapo penye mvumo ule ndipo mtu aelewapo kwa nini wazee waliketi wakasikiliza. Si lazima aamini nyoka. Inatosha akumbuke mwisho wa mwaka 2022, mvua za vuli zilipochelewa na mto Ruvu ukapungua hata DAWASA, mamlaka ya maji ya mji, ikatangaza mgawo mwezi Oktoba, na Kariakoo, yenye maghorofa ya marumaru na vioo, ikarudi kwenye madumu na mikokoteni kwa muda wa wiki chache. Watu walisali misikitini na makanisani kuomba mvua, na walifanya vema. Lakini bei ya dumu ilipanda, na sikumsikia mtu akiuliza mlimani kuna hali gani.

Serikali inajenga bwawa la Kidunda katika mto Ruvu ili mji usikose maji wakati wa kiangazi, na mamlaka za maji hulipa ada zao kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyo na makao yake Morogoro. Haya ni mambo mema. Nauomba uongozi wa mji na wa maji uongeze jambo la tatu: sehemu ndogo ya kila hati ya maji inayolipwa Kariakoo, Gerezani, Ilala na kwingineko iandikwe waziwazi kuwa ni fungu la vijiji vya Uluguru vinavyokaa juu ya vyanzo, ilipwe kila mwaka bila ya kungoja mradi wa mashirika ya kigeni, na wazee wa vijiji hivyo washirikishwe katika kuamua litumike wapi. Nawe kijana utakayepanda treni Jumamosi ijayo kwenda Choma au Hululu, ufikapo kijijini piga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, lipa kiongozi wa njia bila ya kumpunja, wala usioge na sabuni pale chini ya maji, kwa kuwa utayakuta tena Jumatatu katika bomba la nyumbani kwenu.